Jezi ya Nestor

Jumapili, 29 Juni

Baba anamtaka Vandermeer. Ndiyo, yule nyota mwenyewe. Mkataba wake unakwisha, kesho kutwa yuko huru kwenda popote, na Baba, meneja wa timu ya mji ya hoki ya barafuni, hajaachia simu tangu chai. Tumeshika mkia misimu mitatu. Misimu yote hiyo amehubiri: tunajenga upya, kwa vijana wetu, vumilieni. Kaka yangu Nestor, mchezaji wake, akavumilia. Alikataa timu kubwa kwa maneno hayo.

Mimi nimemaliza shule juzi. Kazi yangu ya kiangazi ni kushona majina migongoni mwa jezi. Nani aniulize maoni?

Jumatatu, 30 Juni

Vandermeer huvaa jezi namba kumi na saba. Kumi na saba ni ya Nestor. Kwetu mkubwa akija, mdogo huitoa namba mwenyewe, kabla hajaombwa. Ndiyo heshima. Lakini je, mdogo hapaswi kujua kwanza? Baba hajamwambia. Amenipa jezi hiyo niiandae, mgeni apige nayo picha.

"Baba, ana miaka thelathini na sita. Na nafasi anayocheza ni ya Nestor."

Sijui nilipata wapi sauti.

"Lesia mwanangu, wewe shona."

Nikafumua HNATIUK. Jina letu sote. Uzi ulikatika kwa urahisi mno. Nikashona VANDERMEER.

Jumanne, 1 Julai

Siku ya Kanada. Chapati za maji nje ya uwanja, mji mzima. Mzee Prokop, dereva wa mashine ya kulainisha barafu uwanjani, akamtania Nestor: kombe mwaka huu, la sivyo urudi kuvuna ngano. Nestor akacheka, akamwongezea chapati.

Mchana — Vandermeer kasaini kwingine. Hata simu hakupiga. Baba akapanda nyuma ya pikapu, akatangaza hatumhitaji mtu, tunajenga na vijana wetu. Makofi. Nestor alipiga kuliko wote.

Kisha Baba akaninong'oneza: rudisha jina.

Jumatano, 2 Julai

Nimerudisha. Ila jina la yule lilikuwa refu. Matundu ya sindano yanavuka letu, kushoto na kulia. Nimelowesha, nimepiga pasi. Hayazibi.

Nestor kaja kuichukua. Kaiinua dirishani. Kidole gumba kikafika mwisho wa HNATIUK, kikaendelea, tundu baada ya tundu.

"Hapa palikuwa na jina la nani?"

Baba yuko pale pale, anakoroga kahawa. Ananitazama mimi.

Nimesema naleta mkasi. Naandika hapa stoo. Mkasi ninao mfukoni. Kijiko cha Baba bado nakisikia —