Taa ya Dishi Ilikuwa Inawaka

Kaka Wambura,

Umetuweza. Umekufa wiki ya mvua, dishi limepinda juu ya paa la kafe yetu ya intaneti, na mtu pekee aliyejuaga kuihamisha ile kompyuta kubwa kutoka kwenye dishi kwenda kwenye simu ni wewe, umelazwa sebuleni kwenu Butiama, pamba puani. Nakuandikia kwa hasira, unisamehe. Hasira ikiisha nitalia tu, na hapa Musoma wateja wananiangalia.

Mkeo alikataa katakata usizikwe kabla Nyangeta hajapata habari. Mtoto wenu wa kwanza, yuko India anasoma, hana simu, ana imeili tu. Wazee wakakubali, lakini kwa joto lile wakasema mwisho kesho saa tisa. Mama Nyangeta akanishika mkono: "Mwanangu asije akasikia kwa watu wengine." Nikarudi mjini na hilo neno.

Asubuhi nikawasha. Taa ya dishi kijani, inapepesa kama kawaida. Nikatuma barua ya kujaribu, ikakaa palepale. Nikapiga Mwanza, kwa wale wanaotuuzia intaneti, kwa modemu ya simu, ikapiga milio yake, ikaunga vizuri. Barua haitoki. Nikabadilisha waya, nikazima nikawasha, nikachomoa hadi waya wa dishi. Wapi! Saa nne ikapita, saa tano, na mimi namuwaza mama yule amekaa chini pembeni ya jeneza.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwaga unanigombeza, tangu tulipopunguzwa wote kiwandani ukanichukua tuanze kazi hii: "Taa inakuambia waya ni mzima hadi kwenye boksi, basi. Usiiulize taa, Bhoke. Uliza kama jibu linarudi."

Nikaiita kompyuta ya Mwanza. Kimya. Nikaiambia yetu inionyeshe njia zake. Ina milango mitatu: wa wateja, wa dishi, wa simu. Simu imeunga, mlango uko wazi, lakini kila cha kwenda nje bado kinaelekezwa kwenye dishi, kinafia huko. Ile njia ya zamani inang'ang'ania, na mpya haishiki nafasi yake mpaka uifute ya zamani kwa mkono wako. Nikaifuta. Nikapiga simu upya, nikaita Mwanza. Jibu likarudi.

Yangu haijatoka, ikaingia moja. Ilikuwa yako, imetoka kwa Nyangeta. "Baba, mbona kimya? Dishi limelala tena? Futa njia ya dishi, pitisha kwenye simu, si ndivyo ulivyonifundisha? Nimefaulu mtihani, nijibu."

Nililia kaka, mbele za watu, sikujali. Halafu nikamwandikia kwamba baba yake hayupo. Nilitafuta maneno ya kulainisha, sikuyapata. Hakukawia kujibu: nauli sina, mzikeni, ila msomeeni barua yangu kwanza.

Nikaichapa, nikakimbilia gari, nikashuka Makutano nikapanda nyingine. Nilikuta jeneza liko juu ya kamba tayari. Nikakusomea pale shimoni. Hilo la kufaulu nikalirudia, maana mama yake hakulisikia kwa kilio. Alipolisikia akaitika kwa kichwa, ndipo wakakushusha.

Tangu hapo dishi limenyooshwa na wateja wamerudi. Mkeo anakuja siku za gulio, anakaa kwenye kiti chako, ananisubiri nimsomee barua za mwanae. Kuna siku hazipo, anakaa tu hadi jioni. Na huyo mtoto wako bado anaandika kwenye anwani yako, anakueleza alichokula, mvua ya huko, mitihani. Nimeshindwa kuifunga. Niifungeje?

Akirudi nitampokea mwenyewe stendi, nitampeleka Butiama kabla hajala chochote kwangu. Hiyo nakuahidi. Na vijana watakaokuja kujifunza hapa nitawagombeza ulivyonigombeza, kwamba njia isiyorudisha jibu wasihangaike nayo, waifute.

Ya kwako siifuti. Lala, kaka.

Bhoke