Ndara za Yoshitsune

Jumatatu, 6 Novemba

Ndara zimevaliwa! Kila vuli tunaweka jozi mpya, ya mabua ya mpunga, kwenye hekalu la samurai Yoshitsune nyuma ya jiko letu. Leo zina tope. Vitabu vinasema shujaa alijiua karne nane zilizopita. Sisi tunasema alitoroka jeshi la kaka yake, akapita hapa kwenda kaskazini. Haya, alipita. Lakini apite tena wiki hii, wakati Jumapili watu wa manispaa wanakuja kuamua hekalu lifungwe au libaki? Namshuku jirani Tokuji, mwenye funguo za hekalu; anataka libaki.

Jumatano, 8 Novemba

Nimemuuliza Tokuji, kijanja, kama siku hizi analala.

"Kama gogo, Genpachi. Wewe ndiye unaonekana umekimbizwa na jeshi."

Nikaitazama miguu yake. Vibao vya kukatia figili! Ndara zile hazimwingii hata kwa mafuta. Basi ana mshirika.

Mama kakataa figili za kuchachusha. Eti za kwao tamu zaidi. Kwao ni ng'ambo ya daraja, nyuma ya mlima. Kaolewa hapa miaka sitini, bado "kwetu, kwetu".

Alhamisi, 9 Novemba

Theluji ya kwanza. Nyayo za ndara kutoka hekaluni mpaka darajani — kisha zikarudi. Shujaa kalishinda jeshi zima, kaogopa daraja!

Mke wa Tokuji kaniambia tu, "Shemeji, usizikanyage." Nikiingia dukani, wote wanageukia habari za theluji. Kijiji kizima kimo njamani.

Jumamosi, 11 Novemba

Kesho Siku ya Kupita. Alfajiri madirisha yote hufungwa, barabara hupewa mgongo. Wazee walitaka adui akiuliza, kila mtu aape bila kusema uongo: sikumwona mtu. Desturi nzuri kwa mkimbizi. Kwa tapeli, nzuri zaidi. Nitachungulia.

Mama kauliza tena kama darajani kuna utelezi. Nikamwambia darajani hana shughuli.

Jumapili, 12 Novemba

Nimechungulia. Mtu mdogo barabarani, skafu ya buluu. Skafu ya Mama!

Godoro lake limekunjwa vizuri, kama la mgeni aliyeaga. Viatu vyake nilivificha mwenyewe mwezi jana, asitoke. Mjanja mimi.

Nikakimbia na soksi. Darajani kasimama Tokuji, kampa Mama mgongo, mikono kaitanua ukingo hadi ukingo.

"Nipishe, baba, kwetu wananisubiri."

"Daraja bado bovu, mama. Jaribu kesho." Kayasema kama mtu aliyeyazoea maneno hayo.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini? Mimi sijamwona mtu."

Sasa Mama anakunywa chai. Ndara zinatoa mvuke kando ya jiko. Gari la manispaa limesimama nje — wameona nyayo, wanauliza nyumba kwa nyumba ni za nani. Mwaka jana bibi Hisano alikutwa akizurura; walimpeleka nyumba ya wazee mjini, hajarudi.

Wanabisha. Nimezisukuma ndara chini ya blanketi lake. Mama kanishika mkono, ananinong'oneza:

"Waambie hukumwona mtu."