Mlango wa Maranda

Jumanne, 3 Septemba 1996

Hatuna mlango. Juzi mchana ulivunjwa kwa mateke. Watu wanakimbia, wengine wanawafukuza, na sisi hapa mtaani Jabe tuko katikati kama kawaida. Hawakuchukua kitu, walipita tu mpaka uani. Sasa rido, pazia la chumbani, ndiyo mlango!

Kaka Massoudi amekuja na mita yake. Ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo kwake dunia yote ni chuma. Anasema ataleta mlango wa bati nene, mtaa mzima umeshahamia huko. Nikamwambia sitaki. Akacheka, akaendelea kupima.

Sitaki kweli. Mama ana presha na kifua, analala sebuleni, na mlango unatazama jua la mchana. Umeme ukija ventilateri inazunguka, lakini siku hizi hauji. Mwezi uliopita mama alizimia mara mbili. Weka bati pale, nitamzika kabla ya mvua. Nimeliandika, basi.

Jioni Daphrose alikuja kutupa pole. Anauza mboga sokoni, anakaa ng'ambo ya kichochoro, na mlango wake ni turubai tangu Mei. Milio ya risasi ikianza anakimbilia kwetu. Ndivyo mtaa unavyoishi: mwenye mlango anampokea asiye nao. Ila hatumfungulii mtu kwa kugonga tu. Anasema jina lake, tunaitambua sauti, ndipo komeo linatoka. Leo tumekuwa sawa, mimi na yeye!

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefanya ujanja. Nimeweka kijiko cha majarini nyuma ya mlango wa chuma wa Massoudi mwenyewe, na kingine nyuma ya mlango wa karakana ya mzee Ilyasi, seremala. Kwa Massoudi yaligeuka mafuta kabla ya adhuhuri. Wifi yangu kakiri: kuanzia saa sita wanahamia uani wote, nyumba inabaki na joto lake. Kwa Ilyasi majarini yamelainika tu.

Mzee akanieleza. Mbao mbili za mvule kutoka Uvira, katikati nafasi ya vidole vitatu, imeshindiliwa maranda makavu. Joto linaingia, linakwama humo. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyewatengenezea wavuvi wa Kajaga masanduku ya barafu. Samaki walifika mjini wazima! Nimemwambia anitengenezee sanduku la kumtia mama yangu. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, 7 Septemba

Massoudi kakasirika. Mdogo wake mwenyewe, aliyemlea, anamwacha yeye anaenda kwa seremala! Watu watasemaje? Watasema Hayat ana kichwa kigumu. Wanasema tangu nikiwa darasa la pili.

"Maranda inazuia risasi?" akaniuliza.

"Apana. Na bati yako?"

Anajua. Ametoboa mabati maisha yake yote.

Jumatano, 11 Septemba

Mlango mpya umewekwa! Mzito, hauna hata ufa, chini umegusa kizingiti. Saa nane mchana nikaweka kiganja upande wa ndani: baridi. Mama kalala usingizi mpaka alasiri, bila ventilateri, bila kitambaa cha maji kifuani. Nilikaa pembeni namsikiliza anavyopumua. Nimelia kidogo. Nani ataniuliza?

Ijumaa, 13 Septemba

Saa kumi na moja jioni, milio. Karibu. Tukafunga, tukachambua maharage. Ndani kimya, unasikia kama iko mbali, Kajaga huko. Mama akasema mlango huu una adabu. Daphrose hakuja. Labda kalala Nyakabiga kwa dada yake.

Jumamosi, 14 Septemba

Hakulala Nyakabiga.

Alikuja asubuhi, sketi imeganda matope. Alifika jana, akagonga, akaita jina lake, akaita la mama, akaita langu. Sisi tuko ndani tunachambua maharage! Akajilaza kwenye mtaro mpaka giza. Hakunifokea. Aliupapasa mlango.

"Muko na mulango muzuri, Hayat. Mi nilipiga mpaka mukono ikauma."

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 16 Septemba

Baraza limekaa sebuleni, kwenye ubaridi wangu, wote wanaufurahia. Massoudi: si nilisema, chuma kinapitisha sauti, kesho naleta. Ilyasi: nitoboe tundu la kidole. Mama akakataa, penye tundu patapita na mtutu. Ilyasi: basi kamba, na kopo la mawe ndani. Massoudi: hata askari anajua kuvuta kamba, utajuaje ni nani?

Hapo alisema kweli. Inaniuma. Nilipima joto kwa majarini, sikupima sauti. Mtu wa mtaa huu asahau sauti!

Lakini bati sitaki. Sitachagua kati ya pumzi ya mama na Daphrose, hata mkinikalia baraza la mwezi mzima. Nimewaambia: kuanzia leo, saa kumi, mlango unabaki wazi na mimi niko kizingitini. Haufungwi mpaka Daphrose awe ndani. Massoudi akasema nina wazimu. Mama aliniomba nimsogezee kitanda pembeni, asiwe mbele ya mlango.

Jumatano, 18 Septemba

Saa kumi na moja kasorobo. Niko kizingitini na daftari, mgongo umeegemea mvule. Jana Daphrose alifika mapema, akanicheka, eti nimekuwa zamu, mlinzi wa benki.

Leo bado. Milio imeanza upande wa juu. Milango ya bati inafungwa mmoja mmoja, naisikia yote — kweli chuma kinasema. Massoudi kaja mbio kutoka karakana yake, yuko nyuma yangu, kashika komeo.

"Funga, Hayat. Mama iko ndani."

Najua mama yuko ndani. Namsikia anavyopumua, vizuri.

Nimemwambia akitaka kufunga anifunge mimi nje. Ameshika bega langu, hanivuti. Kichochoro kitupu. Mwisho wake, pale kwenye mtaro, kuna mtu ameinama, ana beseni kichwani au si beseni, sioni vizuri. Nimeita jina lake mara moja. Nangoja sauti yake.