Nimemtungia Bi Khole Kaburi la Mama Yake

Mheshimiwa mshauri, nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu, na unisamehe mwandiko wangu, kwa kuwa barua hii naiandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya jokofu. Wiki mbili sasa nikikaa dakika tano naona kana kwamba kiti kinanifukuza. Majina yote humu nimeyabadilisha, langu pamoja.

Mimi ni Namirembe, Mganda wa Masaka, Mkristo, umri wangu miaka thelathini na mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na Kiswahili nilikipata Mombasa nilikosomea. Huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi ya kujitolea katika nchi za Asia: nilianzia Sri Lanka miezi minane, nikahamia Bangladesh mwaka mmoja kasoro, na sasa natimiza mwezi wa tisa hapa Maskati, ambapo shirika letu dogo limenipa chumba Wadi Kabir, juu ya gereji ya kunyoosha bodi za magari, pamoja na wenzangu wawili. Nyundo zinapoanza kugonga huwa nimekwisha kutoka, maana wagonjwa wangu wametawanyika: Jumapili niko Sidab, Jumanne naomba usafiri hadi Yiti, na Jumatatu na Alhamisi ni za nyumba moja ya Al-Khuwair, na nyumba hiyo ndiyo iliyoniondolea utulivu.

Mgonjwa wangu huko ni Bi Khole, bibi wa miaka sabini na minne, Mwomani aliyezaliwa Mbale na kuletwa huku na baba yake akiwa na miaka kumi na tisa, mama yake akiwa amekwisha kuzikwa kule. Mwaka jana alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa na mguu ukawa mzito, na nilipofika mara ya kwanza alikuwa amelala akiutazama ukuta, watabibu wawili wamekwisha kumkatia tamaa kwa sababu hakutaka kujaribu hata kidole. Mwanawe Yaqoob, ambaye ni mhandisi, alisimama mlangoni akamwambia, "Mama, huyu katoka Uganda." Bibi aligeuka. Akaniuliza, "Uganda wapi? Mbale wakujua?"

Mheshimiwa, Mbale nimepita mara moja maishani, ndani ya basi la Soroti, nimelala usingizi, nikaamshwa na mwuza mahindi ya kuchoma aliyegonga kioo, lakini nawe unajua tulivyo sisi tulio mbali na makwetu, mtu akikuuliza kwao humwambii hupajui, maana ni sawa na kumfungia mlango usoni, nami nikajibu, "Napajua vizuri, Bi Khole." Na mkono ule uliokufa ukainuka kutoka kwenye godoro, kiasi cha upana wa kidole, kunionyesha mahali pa kukaa.

Basi tukafanya mapatano, akiinua mkono mara kumi namlipa habari moja ya Mbale. Aliuliza mti wao wa fenesi ungalipo, nikasema ungalipo, na mwaka huu umezaa hadi matawi yametiwa miti ya kuyaegemeza, akacheka akaongeza kumi nyingine bila kuombwa. Aliuliza habari za mlima, za soko, za mwokaji mikate, na Manal, mkewe Yaqoob, akawa anasimama mlangoni na sinia ya kahawa akimsikiliza mama mkwe akijihesabia mwenyewe kwa Kiarabu, wahid, ithnein, thalatha, na akafuta machozi asijue kwamba kila tarakimu ilinunuliwa kwa uongo.

Mwezi wangu wa nne kwake aliniuliza jambo nje ya mapatano, mkono ukiwa umetulia mapajani. "Na kaburi la mama yangu, mwanangu? Yuko mtu anayelitazama?" Hapo ndipo ningepaswa kusema sijui. Nilisema lipo, na mwanamke jirani hulifyeka kila Alhamisi. Akataka jina la mwanamke huyo, nikampa la mwalimu wangu wa shule ya msingi, Namazzi. Tangu siku hiyo haupiti mwezi asimtumie Namazzi zawadi, nami napokea nikisema nitampa msafiri. Chini ya kitanda changu iko mitandio minne, jozi mbili za kanga na makopo mawili ya ubani, na halwa, mheshimiwa, tuliila, tulikaa siku tatu tukiitazama na wenzangu, siku ya nne tukaila, na kopo la pili lilipokuja hatukungoja hata siku moja.

Leo Bi Khole anatembea kwa mkongojo hadi mlango wa nje na kikombe anakishika kwa mkono wa kulia. Wiki mbili zilizopita nilimkuta amevaa kama mtu wa kwenda harusini, Yaqoob amekata tiketi tatu, yake, ya mama yake na yangu, safari ikiwa mwisho wa mwezi, na bibi akaniambia, "Nna miaka khamsini na tano sijamtolea mama yangu salamu. Na wewe ndiwe utakayenishika mkono mpaka penyewe."

Nilitoka pale nikapanda teksi, na kabla haijafika Ruwi nilikwisha kuliandikia shirika kwamba niko tayari kwenda Nepal, ambako wanatafuta mtu wa hospitali moja ya milimani. Wamenikubali, naondoka baada ya siku kumi na moja, na hakuna mtu wa Al-Khuwair anayejua. Kisha nikampigia kaka yangu Ssenyonga kule Masaka nikidhani atanikemea, naye akacheka. "Dada, kaburi ni kaburi," akasema. "Nakwenda Mbale, nakuchagulia moja la zamani lisilo na mwenyewe, nalifyeka, naweka mawe meupe. Bibi atalia, atafurahi, mtarudi. Nani kaumia hapo?" Sikumwambia ndiyo, lakini hapana pia sikuisema, na jana alinitumia picha ya panga jipya.

Nikimwambia ukweli, naogopa ataurudia ukuta wake, kwa kuwa nimeona wagonjwa walioinuka kwa tumaini na wakaanguka kwa neno moja. Nikienda Nepal kimya, Yaqoob atafika Mbale na mama mgonjwa akimtafuta mwanamke ambaye hayupo. Nikimwachia kaka yangu, Bi Khole atamwita mama mtu asiyemjua. Mheshimiwa, nishike lipi? Jumatatu nina zamu kwake, na amekwisha kuniagiza nimchoree njia ya kutoka kituo cha basi hadi makaburini.

Namirembe,
Wadi Kabir.

JIBU LA MSHAURI

Binti yangu Namirembe,

Wasomaji wetu waniwie radhi, leo sitazungumza na hadhara. Nitazungumza na mtu mmoja, na wengine wasikilize kwa adabu.

Kwanza nikupe haki yako. Ulimkuta mtu ameupa ulimwengu kisogo, ukamgeuza. Huruma iliyokusukuma siku ya kwanza siilaumu, na mfenesi ule hata mimi nimeupenda. Mtu wa ugenini akiulizwa kwao, ulimi hutangulia moyo. Nani kati yetu hajapata kuitikia "napajua" mahali asipopajua? Lakini mfenesi ni mti, na mti ukikosekana watu husema ulikatwa. Kaburi la mama wa mtu si mapambo ya mazungumzo. Siku ile mkono ulikuwa umetulia mapajani, mama wa watu hakukudai malipo ya zoezi lolote, na wewe ukamlipa kwa kitu ambacho hukuwa nacho. Hapo hukuwa mtabibu tena.

Na halwa mliila. Sitaongeza neno.

Sasa nikuulize: Sri Lanka miezi minane, Bangladesh mwaka kasoro, Maskati miezi tisa. Kila mahali umeondoka kabla watu hawajakujua kiasi cha kukukasirikia. Waliokupokea huko wanakuombea dua hadi leo, sina shaka; lakini mtu anayeombewa dua na kila mji na hana mji hata mmoja uliopata kumkemea, huyo hajaishi na watu, amewatembelea. Kujitolea, binti yangu, hakukupi idhini ya kujitoa kila hesabu inapofika. Nepal ina wagonjwa, na milima yake itaendelea kusimama pale bila wewe kwa mwezi mmoja. Liandikie shirika leo kwamba utachelewa. Wakikukosesha nafasi hiyo, umeikosa kwa sababu ya heshima, na hakuna hasara katika hilo.

Jambo la pili, nalo ni la saa hii kabla hujaendelea kusoma: mpigie kaka yako. Mwambie neno ambalo hukulisema. Anauliza nani ataumia? Mwambie ataumia mzee atakayepiga magoti mbele ya mgeni akidhani ni mama yake, na ataumia mwenye kaburi aliyefyekewa majani kwa hila. Ukisha kumwambia hayo, mpe kazi ya kweli, maana naona ni kijana mwenye miguu myepesi. Aende Mbale bila panga. Aende msikitini, awatafute wazee wa mji, aseme ukweli: kuna familia ya Kiomani iliyoondoka miaka hamsini na tano iliyopita, mama yao alizikwa hapa, je, mwajua wapi waliozikwa wakati ule walilazwa? Jina la mama na la baba atapewa na Bi Khole mwenyewe, baada ya Jumatatu, kama Bi Khole ataridhia. Kabla ya ridhaa yake, asiulize mtu.

Kuna jambo ambalo hulijui, wala sikulaumu, kwa kuwa dini yako ni nyingine. Wazee wetu walizikwa kwa unyenyekevu: jiwe kichwani, jiwe miguuni, bila jina. Makaburi ya zamani ambayo hata mjukuu hawezi kuyatofautisha ni mengi, hapa Omani na kule bara. Ndiyo maana mtu akiingia makaburini husimama mwanzoni akawasalimu wote waliolala pale kwa pamoja, na mama yake akiwa miongoni mwao, salamu humfikia. Bi Khole amejifunza hilo tangu utotoni. Alichokuambia ni kwamba hajamtolea mama yake salamu. Salamu, Namirembe. Hakukuomba mawe meupe. Safari yake ingaliwezekana kwa ukweli mtupu tangu siku ya kwanza, na wewe na kaka yako mlikuwa mkiihangaikia bidhaa ambayo hakuiagiza.

Utaniuliza, je, kama atarudi ukutani? Huenda. Sikuahidi vinginevyo, na anayekuahidi anakudanganya kama ulivyomdanganya yeye. Ila usijipe ukubwa usio wako: habari ulileta wewe, lakini mkono aliuinua mwenyewe, mara kumi, na kumi nyingine ambazo hukumwomba. Huenda pia akakuambia alikwisha kujua. Msichana aliyeondoka kwao na miaka kumi na tisa haisahau njia ya kwao, na nashangaa kwamba katika barua yako yote hakuna mahali alipokuuliza jina la mtaa. Akikuambia hivyo, usishushe pumzi. Kujua kwake ni siri yake na hekima yake, hakukusafishi wewe.

Sasa sikiliza saa yako. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Ijumaa. Ukurasa huu utachapishwa Ijumaa ijayo. Majina umeyabadilisha, lakini Waswahili wa Maskati tunajuana kwa ukoo, kwa kikohozi na kwa mapishi. Bibi aliyezaliwa bara, mwenye kiharusi, mwenye mhudumu Mganda, hatafichwa na jina la bandia hata kwa siku mbili. Kuna mtu atamsomea, na atamsomea akicheka. Sikutishi, nakuonyesha kwamba una Jumatatu moja.

Ifanye hivi. Nenda asubuhi, saa yako ya kawaida. Beba mitandio yote minne, kanga na ubani, uviweke mbele yake vyote, na ukiri halwa kwa idadi ya makopo. Usianze na mazoezi, asije akadhani unamwuzia kitu. Usimwambie Yaqoob kwanza ili akusemee. Uongo ulimwambia mama, na ukweli ni wa mama. Mwombe Manal akuachieni chumba. Kaa chini, Namirembe, kaa kwelikweli, magoti yaguse zulia, kisha sema maneno haya wala usiyapambe: "Bi Khole, Mbale sipajui. Kaburi la mama yako sijapata kuliona. Namazzi hayupo. Nilikudanganya."

Kisha nyamaza. Hapo ndipo penye kazi yote, kwa kuwa nakuona tangu hapa ukitaka kuongeza, kueleza, kulia, kuomba maji, kushika mkono wake umpime mapigo. Usiongeze kitu. Kimya hicho ni chake, akitumie apendavyo, hata kikichukua asubuhi nzima. Akikutukana, pokea. Akikuuliza, jibu lile tu aliloliuliza. Na akikuamuru utoke, simama utoke, lakini usivuke mlango wa nje: kaa ukumbini, palepale viatu vinapoachwa, mpaka Yaqoob atakaporudi kutoka kazini, umwambie na yeye.