Swali la Daktari Kuhusu Pumzi

Timbwani, Jumatano, Juni 1993

Nilinyamaza. Hilo ndilo linalonikera tangu tutoke hospitali.

Daktari alitueleza vizuri. Saratani ya tezi dume ya mume wangu inakwenda polepole, na kwa mtu wa miaka sabini na mbili upasuaji una faida iwapo mwili wake una nguvu za kuishi miaka kumi zaidi. Ndipo akamuuliza, "Mzee, unatembea bila kukatika pumzi?"

"Naenda msikitini mara tano kwa siku," Salim akajibu.

Wallahi, tangu Ramadhani anasali nyumbani, ameketi kitini. Akivuka ua tu, hushika kifua.

Daktari akatabasamu, akampangia upasuaji Jumatatu.

Njiani nikamwambia, "Umemdanganya."

"Ningesema kweli angeniacha na ugonjwa wangu. Nawe usiseme."

Jioni nimempikia uji, akanywa wote, akacheka na wajukuu. Mimi sikuweza kumtazama.

Kesho naenda kwa daktari peke yangu, nimwambie yote. Huenda Salim asinisamehe. Lakini moyo wake ushindwe kwenye upasuaji, nimzike Jumanne, nami nilijua...