Moshi wa Kigoda cha Baba

Minneapolis, 4 Oktoba 1998

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mdogo wangu Edna na majirani wote wa Lumemo. Mgongo vipi, umetulia? Mimi huku sijambo, bado nafua mashuka ya hospitali, ila baridi imeanza kuninyemelea. Majani ya miti yote yamegeuka rangi ya embe bivu na yanadondoka polepole mchana kutwa, mpaka mtu unasinzia kwa kuyatazama.

Mama, sijasahau. Baba ana miezi kumi na minane chini ya udongo mtupu, na msalaba wake wa saruji umeegemea ukuta nyuma ya nyumba, kwa sababu mimi kifungua mimba ndiye wa kuusimamisha. Umenieleza wazee wa ukoo wamekubali kusubiri mpaka Siku ya Marehemu Wote ya mwakani. Mpaka hapo lazima niwe nimefika. Nauli ndiyo inanishinda.

Sasa kuna njia. Huku kuna mnada wa kwenye kompyuta. Unaweka picha ya kitu chako kilichotumika, na watu wa dunia nzima wanapandiana bei kwa siku saba, hawaonani, hawasikiani. Mwenzangu kazini aliuza birika la bibi yake, bovu, linavuja, likagombaniwa! Wanapenda vitu vya zamani, hasa vya mbali.

Nimewaza kigoda cha baba. Picha ninayo, ile uliyonipa siku ya kuondoka, baba amekikalia jikoni kwako. Najua ninachokuomba, mama. Ukisema hapana, sitauliza tena.

Wako mtiifu,
Mwanao Fridolin

*

Lumemo, Ifakara, 15 Novemba 1998

Mwanangu Frido,

Marahaba, baba. Barua yako imenikuta mzima. Mgongo uko palepale, tumeshazoeana. Edna hajambo, anasoma na kukua, viatu havikai mguuni. Mvua zimeanza kunusanusa na ukungu unashuka kutoka milimani asubuhi mpaka huoni shamba liko wapi na mbingu ziko wapi.

Hebu niambie vizuri huo mnada. Minada naijua. Jirani yetu Mashimba, yule Msukuma mwenye ng'ombe, anakwenda kila mnada na kurudi kanukia nyama choma. Nimemsomea barua yako. Kasema, "Mnada hauna vumbi, hauna nyama, na ng'ombe humfunui meno? Mama Frido, huo ni uchawi." Tumecheka mpaka machozi.

Lakini mchana, nilipojilaza kwenye mkeka, nikauota. Watu wengi wanaelea juu ya maji ya bonde, miguu haigusi kitu, kila mmoja kashika mwavuli na anataja bei bila kufungua mdomo. Baba yako alikuwemo. Alikuwa anaangalia tu, anatabasamu kama alivyokuwa akitabasamu wanaume wenzake wakimcheka, "Stanislaus anachungulia masufuria." Miaka thelathini alikaa jikoni kwangu juu ya kigoda hicho, anapiga soga mimi nikisonga ugali, na hakuwahi kuona haya.

Kiuze. Mwenyewe angesema mtoto ni bora kuliko mti.

Mama yako

*

Minneapolis, 17 Januari 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Vipi afya, vipi mgongo? Edna na shule? Mimi mzima. Theluji imefika magotini na mji mzima umenyamaza. Ukitembea hujisikii hata hatua zako.

Mama, huu mnada nao unatesa. Nilikiweka kigoda, nikaenda maktaba kila siku kuangalia. Maswali nayo! Mmoja kauliza kama kilikaliwa na chifu. Nikajibu kilikaliwa na baba yangu, akapotea. Mwingine kauliza kama babu aliyeko pichani anauzwa pamoja na kiti. Nilizima kompyuta nikaenda kutembea kwenye theluji bila kofia. Siku ya saba akatokea mshindi, nikashangilia peke yangu maktaba mpaka wakanitazama. Wiki tatu, mshindi hajibu barua. Kumbe kuna watu wanashinda kwa kujifurahisha tu! Nikaanza upya toka mwanzo.

Safari hii kapatikana mama mmoja mtu mzima, anaonekana wa kweli. Aliniandikia kwamba hajali kiti chenyewe, kinachomvuta ni ule weusi wake, anasema unaona kabisa maisha yamepita pale. Kakipenda kama kilivyo pichani. Anwani yake nimeiandika kwenye karatasi ya pili. Tafadhali kifunge ukitume kwake moja kwa moja, kisizunguke huku kwangu. Kikifika salama, Novemba mimi niko kwenye treni, natoa kichwa dirishani stesheni ya Ifakara.

Mwanao Fridolin

*

Lumemo, Ifakara, 28 Februari 1999

Mwanangu Frido,

Marahaba, baba. Wote wazima. Mpunga umefika magotini, kama theluji yako.

Kigoda kimeondoka, na nakwambia hutaaibika kwa huyo mama. Yaani nikakitazama ndipo nikaona aibu. Masizi! Mafuta ya mchuzi! Nikajiuliza, kitu hiki kiende kwa mgeni, mtu mzima mwenzangu, aseme huyu mama yake Fridolin hana maji? Hata Krismasi hatukuvaa nguo chafu, seuze kwenda Amerika. Nikakisugua kwa mchanga. Nikakisugua kwa majani ya msasa siku mbili nzima, nimekaa mlangoni, mvua inanyesha taratibu, mikono inakwenda yenyewe kama niko usingizini. Ukatoka mninga mwekundu ambao sijauona tangu nilipoolewa! Mashimba akaleta samli ya kwake, tukakipaka. Kinang'aa unaweza kujitazama.

Barabara ilikuwa chini ya maji, Mashimba akakipeleka posta kwa mkokoteni wa ng'ombe, nami nimekaa juu nimekipakata. Karani wa posta kauliza, "Mama, hiki kipya umenunua wapi?" Nikafurahi moyoni.

Jambo moja tu. Baba yako namwota kasimama. Zamani nikimwota alikuwa anakaa.

Mama yako

*

Minneapolis, 9 Mei 1999

Mama,

Shikamoo.

Nani alikwambia ukioshe? Nilikuandikia anakitaka kama kilivyo pichani. Yule mama kafungua mzigo kakuta kiti chekundu kinanukia samli, anasema nimemuuzia kipya cha dukani kwa picha ya kikuukuu. Kila neno nililomweleza linaonekana uongo. Amekirudisha posta kwa anwani iliyokuwa juu ya mzigo, na imenibidi nimrudishie chake chote.

Kwenye mnada ule kila mnunuzi anaandika maneno juu ya muuzaji na dunia nzima inayasoma. Langu limeandikwa: mwongo. Halifutiki. Sasa nikiweka hata kijiko, hakuna wa kukigusa.

Ungeniuliza kwanza, mama. Barua moja tu.

Fridolin

*

Minneapolis, 22 Agosti 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Shikamoo tena. Hali yako? Mgongo wako? Miezi mitatu imepita na hakuna barua, na kila nikifungua sanduku la barua naona chuma kitupu. Kama unaumwa, mwambie Edna aniandikie hata mstari mmoja. Kama umekasirika, niandikie hasira yako, nitaipokea kwa mikono miwili.

Nisamehe. Mtu aliyeosha kitu kwa heshima ya mgeni nimemgombeza kama kibarua aliyevunja sahani. Nimekaa huku miaka saba mpaka nimesahau kwamba kwetu kitu cha kumpa mtu huoshwa kwanza. Naona haya, mama.

Niliendelea kuhangaika na mnada. Niliweka koti langu, redio, saa ya ukutani. Siku saba zinapita, hakuna aliyetaja bei. Wanasoma lile neno wanapita. Juzi nilisinzia basini nikitoka kazini, nikaota nimejiweka mnadani mwenyewe, nimesimama pichani, chini imeandikwa kimetumika. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya saba ukaja wewe na kanga yako ya shamba, miguu ina tope, ukasema, "Huyo ni wangu, mbona mmemweka hapo?" Niliamka nimepita kituo changu.

Novemba sitafika, mama. Nimehesabu kila njia, sitafika. Waambie wazee. Mimi sina uso wa kuwaambia.

Mwanao Fridolin

*

Lumemo, Ifakara, 28 Novemba 1999

Mwanangu Frido,

Marahaba, baba. Marahaba tena, kwa ile ya pili. Mimi mzima. Mgongo wangu unakusalimu, maana barua yako ya Mei haikuuuliza, nao ukanuna.

Niliumia, sikufichi. Lakini siyo kwa maneno yako, wewe ni mwanangu na maneno ya mtoto hayakai. Barua yako ilinikuta mpunga umeanza kuiva. Nikawa nakwenda shambani kuamia ndege, nakaa juu ya kichanja cha dungu peke yangu mchana kutwa na teo la mawe mkononi, mpunga unanukia, ndege wanashuka kama moshi na mimi siwaoni. Nawaza huyo mama wa Amerika. Mgeni, hajawahi kufika Ifakara, katazama picha akaona maisha ya watu mle kwenye masizi. Mimi niliyeishi nayo nikaona uchafu. Yale masizi, Frido, ni baba yako. Ni kila jioni aliyokaa na mimi. Nikamsugua siku mbili kwa majani ya msasa huku nimefurahi, nikammwaga uani na maji ya mchanga. Ndiyo maana sikuandika. Kalamu ilikuwa haishikiki.

Sasa sikiliza. Oktoba, tarehe ishirini, nimeitwa posta. Kigoda! Kimezunguka kimerudi, kimefungwa makaratasi mengi kuliko mtoto mchanga. Ndani mna barua ya Kizungu, Edna kanisomea kwa kubabaisha. Anasema samahani, kizuri, lakini siyo cha kwenye picha. Na ile picha kaiambatisha, kaitoa kwenye kompyuta, kubwa, ya rangi. Baba yako amekaa jikoni kwangu, kijiko changu kinaonekana pembeni. Picha ilikuwa moja tu duniani na nilikupa wewe. Nimeibusu mbele ya karani, acha anicheke.

Ndipo ikaja barua yako kwamba hufiki. Nikawaita wazee. Mzee Hermenegildi, baba yako mkubwa, kasema mvua ziko mlangoni, kaburi limeshatitia, haliwezi kupita masika ya tatu. Kifungua mimba hayupo, nani atashika? Nikaingia ndani nikatoka na kigoda. Nikawaambia, hiki kimetoka Amerika aliko mwanangu, kimevuka maji yale yale atakayovuka, mtahesabu kimekuja badala yake. Mzee kakigeuza, kakinusa, kauliza, "Na hii samli?" Mashimba akainua mkono, "Ya kwangu, mzee." Wakacheka, wakakubali.

Siku ya Marehemu Wote tukatoka misa tukaenda. Ukungu ulikuwa umejaa, tunasikia treni bila kuiona. Kigoda tukakiweka upande wa kichwa, mahali ungesimama wewe. Edna akakishika kwa mkono mmoja na msalaba kwa mwingine, mafundi wakajaza zege chini yake. Umesimama umenyooka. Usilie sana, nililia kwa niaba yako.

Kigoda kimerudi jikoni, kando ya jiko, mahali pake. Kimeanza kupata weusi kidogo kwenye mguu ulio karibu na moto. Sitakifuta. Na baba yako nimemwota juzi mchana, kakaa, kanyoosha miguu, anauliza ugali umefika wapi. Sasa wewe ndiye nakuota umesimama mlangoni na mzigo mkononi, nakwambia karibu ukae, huingii.

Kuhusu ile ndoto yako ya basini, nilichosema mle ni kweli, na hata nikiwa macho ningesema vile vile. Kwa hiyo acha kuuza makoti wakati wa baridi, utakuja hapa mgonjwa.

Limebaki jambo moja. Msalaba hauna jina. Fundi alitaka kuandika siku ile ile, nikamzuia. Jina la baba linaandikwa na mwanawe, na wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri nyumba hii. Nimenunua kopo dogo la rangi nyeusi na brashi, viko mvunguni mwa kitanda changu. Fundi anasema rangi ikikaa sana inaganda. Kila Jumapili nikitoka misa naitoa, nalitikisa kopo, nasikiliza kama bado ni maji. Leo bado ni maji.

Mama yako