Nzuri ya Kabla ya Sindano

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Temeke tu wazima. Bibi yako ananigombeza vilevile.

Unauliza kama niliogopa, enzi zile za Ujamaa, nilipopelekwa ng'ambo kuungwa mshipa wa fahamu. Patasi yangu ya kuchongea vinyago ilikuwa imenikata mkono. Sikuogopa, niliona haya kulalamika ugenini. Baada ya operesheni daktari alinifunga macho apime kama mkono unahisi, akauliza kupitia mkalimani, "Unahisi sindano?"

Nikajibu, "Vizuri sana, ahsante."

"Bado sijakuchoma! Kwa adabu hiyo utarudi kwenu na mkono uliokufa."

Basi aliponichoma kweli nikalia kwa sauti, na mkono ndio huu unaoandika.

Nawe barua zako zote tatu zinasema, "Hali nzuri tu, Babu." Nzuri ya kabla ya sindano, au ya baada?

Babu yako